Gesi Haiotwi

Mwezi wa saba mwaka juzi, kama saa tisa usiku, binti wa shangazi yangu anayeishi na bibi yetu kule Qurus aliamka kwenda chooni akaona miguu haimbebi. Alidhani ni usingizi. Sebuleni alianguka, akatambaa hadi mlangoni, akaufungua, na baridi ya Karatu ikamzindua. Ndipo akagundua kwamba hamsikii Aama akikoroma. Aama ndivyo tunavyomwita bibi kwa Kiiraqw, na Aama wetu hukoroma. Binti akarudi ndani amejiziba pua kwa kanga, tahadhari ambayo haikumsaidia kitu maana kilichokuwa kikiwaua hakina harufu wala rangi, akamburuta bibi juu ya blanketi mpaka uani. Kando ya kitanda kulikuwa na jiko la mkaa. Mkaa ulikuwa umeshika vizuri, mwekundu, bila moshi hata kidogo.

Aama alipona. Alitapika, akawekewa oksijeni, akaumwa kichwa siku tatu, kisha akarudi nyumbani akiilalamikia chai ya wodini. Nalisema hilo mapema ili usisome kwa hofu. Ninachotaka kukizungumza ni swali lililobaki baada ya yeye kupona: nani aliliingiza lile jiko chumbani? Jibu la haraka ni kwamba aliliingiza mwenyewe, kwa mikono yake, na sisi tulimwambia hivyo kwa ukali pale pale kitandani. Jibu ninaloliamini sasa ni kwamba niliusogeza mkono wake mimi, na niliusogeza kwa nia njema kabisa.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, wajukuu tuliokuwa na kazi tulichanga tukamjengea nyumba. Matofali ya kuchoma, bati, dari ya jipsamu, madirisha ya vioo yanayofunga barabara. Jiko lake la zamani, kibanda cha udongo chenye paa la nyasi lililokuwa jeusi kwa masizi, tulilibomoa siku moja mchana. Badala yake tukamletea mtungi wa gesi na jiko la sahani mbili. Tulipiga picha. Aama alishukuru, akatubariki, akajifunza kuwasha na kuzima haraka kuliko tulivyotarajia. Ilipofika Juni akanipigia simu, na baada ya salamu ndefu akasema, "Mjukuu wangu, gesi yenu inapika vizuri sana. Lakini haiotwi."

Nilicheka. Niliiweka sentensi hiyo kwenye status, watu wakaipenda.

Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa huenda anajiuliza baridi gani hiyo. Karatu ipo kwenye mwinuko wa karibu mita 1,500, na juu yake kuna msitu wa nyanda za juu za Ngorongoro unaoteremsha ukungu. Kuanzia Juni hadi Agosti asubuhi unaona pumzi yako. Wazee hutembea wamejifunga blanketi mpaka saa nne. Hata hivyo, ukitafuta historia ya kupasha nyumba joto katika nchi zetu utaona kurasa nyingi za mifumo ya Warumi waliopitisha hewa ya moto chini ya sakafu, utaona Wakorea na sakafu zao za mawe, utaona Ulaya na mabomba yake, kisha Afrika Mashariki ni jua. Nadhani sababu moja ni kwamba huku hapakuwa na kifaa chenye jina la kupashia nyumba joto. Joto lilijificha ndani ya vitu vingine.

Chukua nyumba ya kale ya Wairaqw, kule Irqwa Da'aw katika milima ya Mbulu, walikotoka wengi wa waliokuja kuijaza Karatu katika karne ya 20. Nyumba ile ilichimbwa ndani ya mteremko, paa lake bapa la udongo likalingana na kilima, kiasi kwamba mtu aliyetazama kwa juu aliona ardhi tu. Sababu inayotajwa sana ni usalama: wavamizi waliofuata ng'ombe wasiione. Lakini udongo ulioizunguka nyumba pande tatu ulifanya kazi nyingine kimya kimya. Mchana haukupata moto haraka, usiku haukupoa haraka. Na ng'ombe walilala humo humo ndani pamoja na watu. Mtu aliyetulia hutoa joto linalokaribia wati 100, sawa na balbu zile za zamani, na ng'ombe hutoa mara kadhaa ya hapo. Ng'ombe sita na watoto watano ni hita, ingawa hakuna aliyeiita hivyo. Katikati ya yote palikuwa na mafiga matatu yaliyochemsha ugali jioni na kuacha makaa yaliyofukiwa majivu mpaka asubuhi.

Vita na uvamizi vilipokwisha nyumba zikapanda juu ya ardhi. Zikaja za msonge wa nyasi, kisha wakati wa vijiji vya ujamaa miaka ya 1970 zikapangwa mistari, kisha bati. Ng'ombe walitolewa nje kwa ajili ya afya, na sina ubishi na hilo. Sitamani kulala na ndama. Ninachosema ni kwamba kila hatua ya maendeleo ilitoa kitu kimoja kilichokuwa kikitupa joto, na kila mara moto wa mafiga ulibaki kuziba pengo. Sisi tulipofika na mtungi tulitoa cha mwisho.

Wataalamu wa majiko hupima mafiga kwa kuchemsha maji. Hupima kuni zilizotumika na joto lililoingia kwenye maji, na hupata kwamba ni kama asilimia 10 hadi 20 tu ya nishati ya kuni inayofika kwenye sufuria. Iliyobaki huandikwa kama upotevu. Nilipoisoma tarakimu hiyo mara ya kwanza niliitumia kumshawishi shangazi: ona, mama mdogo, kati ya kuni kumi unatupa nane au tisa. Leo naona kosa langu lilipokuwa. Upotevu ni neno linalotegemea ulikuwa unataka nini. Kama unataka maji yachemke, joto lililotoka pembeni limepotea. Kama wewe ni mwanamke wa miaka sabini na kitu mwenye magoti yanayouma usiku wa Julai, joto lililotoka pembeni ndilo ulilokuwa unalitafuta, na ugali ni faida ya ziada. Mhandisi hakudanganya. Aliuliza swali moja, akalijibu sawasawa, na sisi tukalichukua jibu lake tukaenda kubomoa nyumba ya mtu aliyekuwa na maswali matatu.

Najua ninakoelekea kunanuka. Ni rahisi mno, hasa ukiandika ukiwa mjini, kuugeuza moto wa bibi kuwa wimbo. Kila mtu wa rika langu ana aya yake kuhusu kuota moto, hadithi za sungura na fisi, mahindi ya kuchoma. Mimi pia ninayo. Kiswahili chenyewe kinatusaidia kudanganyana, maana kuota ni kukaa kwenye moto na kuota ni kuona ndoto, na mwandishi mvivu akiona neno kama hilo haliachi lipite. Sijaliacha.

Basi tuseme moto ule uligharimu nini. Macho ya Aama yamekuwa mekundu tangu nimfahamu. Ana kikohozi ambacho sote tulikuwa tunakitumia kujua yuko wapi ndani ya nyumba. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020, zaidi ya 237,000 vikiwa vya watoto wa chini ya miaka mitano. Huhitaji tarakimu ukikaa kwenye jiko lisilo na dirisha dakika kumi. Na nikiukumbuka vizuri ule mduara wetu wa utotoni, naona kitu ambacho sikukiona wakati ule: sisi watoto tulihama. Moshi ukigeuka, tunageuka. Mtu mmoja hakuhama, kwa sababu alikuwa anasonga ugali, na mwiko haufiki kutoka upande wa pili.

Nilipomaliza kidato cha sita nilipata kibarua kwenye hoteli moja ya kitalii ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, kwenye mwinuko wa kama mita 2,300, ambako usiku ni mkali kuliko kwetu. Kazi yangu ya saa 12 jioni ilikuwa kuwasha magogo kwenye meko ya ukumbi. Ya saa 2 usiku ilikuwa kujaza maji ya moto kwenye mifuko ya mpira na kuificha chini ya mablanketi ya wageni, ili wakiingia kitandani wakute joto. Wageni waliipenda mifuko ile kuliko chakula. Wengine walikaa mbele ya magogo mpaka saa 5, kimya, wakitazama tu. Walikuwa na hita za umeme vyumbani. Hakuna aliyewaambia kwamba wanapoteza nishati, na wala hawakukohoa, kwa sababu juu ya meko palikuwa na dohani. Walowezi wa Kijerumani waliofungua mashamba ya kahawa Oldeani na Karatu miaka ya 1920 walikuja na ujuzi huo huo: moshi una njia yake, watu wana yao. Dohani ni matofali tu. Miaka mia moja imepita na kibanda cha Aama hakikuwahi kupata.

Nimewahi kudhani kwamba mapenzi haya ya moto wa wazi ni yetu, au ni ya wazee wetu. Kisha nikakutana na makala ya George Orwell, yule wa Shamba la Wanyama, iliyotoka kwenye gazeti la Evening Standard la London tarehe 8 Desemba 1945. Uingereza ilikuwa inajenga upya nyumba zilizobomolewa na vita, na watu walibishana kama nyumba mpya ziwe na meko ya makaa ya mawe au vifaa vya kisasa. Orwell alitetea meko. Alikiri kwamba yanakula makaa mengi na yanaleta uchafu na kazi. Hoja yake ilikuwa kwamba, kwa sababu moto wa wazi unapasha sehemu moja tu ya chumba, familia hulazimika kukaa pamoja. Kasoro yake ndiyo fadhila yake. Nilipoisoma nilishtuka, ni kama Aama ameandika.

Lakini kumbuka kilichofuata. Orwell mwenyewe alikufa Januari 1950, akiwa na miaka 46, kwa kifua kikuu. Sisemi ni meko, nasema alikuwa mtu wa mapafu mabovu akiutetea moshi. Na kati ya tarehe 5 na 9 Desemba 1952 hewa ya London ilisimama. Moshi wa makaa ya mawe, mwingi ukitoka kwenye mameko ya majumbani, ulichanganyika na ukungu ukalala juu ya jiji. Makadirio ya mwanzo yalikuwa watu 4,000 waliokufa. Watafiti wa baadaye wamefika hadi 12,000. Kila familia ilikuwa imekaa pamoja mbele ya moto wake, kama Orwell alivyopenda, na kwa pamoja wakawa wanawaua majirani wenye pumu.

Bunge lao lilipitisha Sheria ya Hewa Safi mwaka 1956, na hapa ndipo pananihusu zaidi. Sheria hiyo iliweka maeneo yasiyoruhusiwa moshi, lakini pia ilitoa ruzuku ili kaya zibadilishe meko zake. Mtu alinyang'anywa joto moja akasaidiwa kupata jingine. Haikuingia akilini mwa mbunge yeyote kwamba unaweza kumwondolea mtu wa London meko yake, ukampa jiko la kupikia, ukamwambia tumemaliza.

Sisi huku Mei 2024 tulizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga asilimia 80 ya kaya zitumie nishati safi ifikapo 2034. Naunga mkono, na sina haja ya kuomba radhi kwa hilo. Nimekwisha kueleza kikohozi cha Aama. Lakini soma jina lake tena, neno la mwisho. Ya kupikia. Kwa Kibaha au Tanga neno hilo linatosha. Kwa Karatu, Mbulu, Makete, Lushoto, kwa Wamasai wanaoishi juu kule Ngorongoro, neno hilo limeacha nusu ya moto nje. Na mtu akiachiwa baridi hatakaa nayo kwa heshima ya mkakati. Ataingiza jiko la mkaa chumbani.

Katika kibanda cha zamani jiko hilo lisingemfanya kitu, kwa kuwa nyasi zilivuja. Nyumba tuliyomjengea haivuji. Mkaa unaowaka pasipo hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi, na gesi hiyo hushikana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Moshi wa kuni ulimuumiza Aama miaka sitini, lakini ulimwambia. Ulimchoma macho, ukamfukuza nje. Hiki kipya hakisemi. Tulimpa nyumba isiyopitisha baridi, tukamnyima moto, tukamwachia akili yake mwenyewe, naye akaitumia.

Ndugu zangu waligawanyika baada ya pale. Wengine walisema Aama asiguswe tena, arudishiwe mafiga yake, mzee aachwe na maisha yake. Inasikika kama heshima. Kwangu ilikuwa ni wema wa aina ile ile tuliouanza nao, kwa sababu nayo haikumuuliza. Kumwachia mtu moshi kwa jina la mila, wakati wewe umekaa Njiro na hita ya maji bafuni, ni kumfanya mlinzi wa makumbusho yako. Na kumletea gesi kwa jina la afya bila kuuliza moto wake ulikuwa unafanya kazi ngapi ni kumfanya mradi wako. Sijui ni lipi baya zaidi. La pili ndilo lililokaribia kumuua, na hilo ndilo nililolifanya mimi.

Hatimaye nilimuuliza. Nilitarajia aniambie anapenda moto. Akaniambia hakuwahi kuupenda moshi siku moja, nani anaupenda moshi? Alisema angekuwa na jinsi angeuacha akiwa msichana. Kisha akasema kitu ambacho nimekigeuza kichwani tangu siku hiyo. Alisema zamani jioni jirani alikuja na kipande cha chungu kuomba kaa la moto, akakaa saa nzima. Watoto walikuja. Babu yenu alikuja, hata akiwa amenuna. Tangu gesi ije, chakula kikiiva kila mtu anabeba sahani yake anaingia chumbani kwake na simu. "Nilijua hamkuwa mnakuja kwangu," alisema. "Mlikuwa mnaufuata moto. Sawa tu. Lakini mlikuwa mnakuja."

Hapo hoja ya Orwell ilinirudia ikiwa na sura nyingine. Kukaa kwetu pamoja kulikuwa kwa lazima. Baridi ilitusukuma, na giza, na moto kuwa mmoja. Je, upendo unaosukumwa na baridi una thamani? Zamani ningesema hapana. Ningesema mtu mwenye hiari ndiye anayependa kweli, na kwamba kama tunahitaji kuteseka ndipo tukae pamoja basi hatukuwa na kitu. Sasa hiari ninayo. Nina gari la kunifikisha Qurus kwa saa tatu kutoka Arusha nikiendesha taratibu, nina simu, nina siku 28 za likizo. Mwaka ule nilikwenda mara mbili, na ya pili ilikuwa hospitalini.

Tumejenga jiko jipya uani, chumba kidogo cha matofali chenye meko yaliyofunikwa, dohani ya bomba, na kibaraza cha udongo kuzunguka ukuta. Linakula kuni kidogo, na Aama hulilisha zaidi mabua na miti mikavu ya mbaazi baada ya mavuno, si magogo. Asubuhi anachemsha chai kwa gesi, anaisifia kwa hilo. Jiko la mkaa shangazi alilichukua kwake. Usiku binti humjazia Aama maji ya moto kwenye mfuko wa mpira, nilionunua Arusha, aina ile ile niliyokuwa nawawekea wageni. Si suluhisho kamili. Ukifungua mlango wa meko kuongeza mabua, moshi hutema upande mmoja wa kibaraza kabla dohani haijavuta.

Juni iliyopita nilichukua likizo ya wiki mbili. Jioni ya kwanza nilimkuta Aama amekaa upande huo huo wa moshi, maana ndiko mkono wake unakofika kwenye mlango wa meko. Nikamwomba tubadilishane. Alicheka, akasogea. Nilichochea kama dakika ishirini, macho yakaanza kunitoka machozi, nikasema naenda kuangalia gari. Niliporudi alikuwa ameshakaa tena mahali pake.